Kura ya Eddie

Eddie alikiri kwa mara ya tatu asubuhi hiyo ya Alhamisi, na kwa mara ya tatu Inspekta Firdaus akamtazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu kwa bei ya kipya.

"Rudia," alisema.

"Madam, si nishasema?"

"Rudia hivyo hivyo."

Eddie alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana moja pale Ruiru, mtu wa miaka thelathini na minne, vidole vimejaa makovu madogo ya kuungua. Tangu alipotolewa seli alikuwa akiongea kama mtu yeyote wa mtaani kwao Mwiki: mara baridi ya sakafu, mara kunguni, mara timu yake imepigwa tena. Lakini kila alipoanza kukiri alinyoosha mgongo, akaangalia ukuta, na sauti ikageuka.

"Mimi, kwa hiari yangu na kwa tamaa ya uongozi, nilitia sumu katika kikombe cha chai cha Mwalimu Kinuthia usiku wa Ijumaa. Nilifanya hivyo peke yangu. Kikundi hakikuhusika kwa namna yoyote."

Firdaus alilinganisha na maelezo ya Jumapili na ya Jumanne. Hakuna neno lililoongezeka wala kupungua. Katika miaka ishirini ya kazi alikuwa amesikia wauaji wengi wakikiri, na wote walisahau hapa, wakaongeza pale, wakamsingizia shetani. Huyu alikuwa anasoma kitu kilichoandikwa kichwani.

"Kikombe cha rangi gani?"

"Sikucheki rangi."

"Sumu ulitoa wapi?"

"Ilikuwa tu... ilikuwa kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

Eddie alirudisha macho ukutani. Ndani ya droo ya Firdaus kulikuwa na ripoti ya maabara iliyofika jana jioni. Kikombe cha Mwalimu hakikuwa na kitu isipokuwa alama ya midomo. Sumu ya kunyunyizia mimea ilikuwa ndani ya chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto, na chupa yenyewe ilikutwa imesukumwa nyuma ya kabati. Aliyemuua Mwalimu alikuwa anaijua hiyo chupa. Eddie hakuijua.

"Eddie, kesho siku tulizopewa na korti zinaisha. Ukisimama mbele ya jaji useme hayo maneno, Mwiki utaisikia kwa redio. Nani unamficha?"

"Sifichi mtu." Alimwangalia kwa mara ya kwanza, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Lakini kuna vitu vikubwa kuliko mtu mmoja, madam. Wewe huwezi elewa."

Firdaus alishtuka, na alikasirika kwamba ameshtuka. Wezi walikuwa wamemdanganya, wachungaji walikuwa wamemdanganya, na shemeji yake mwenyewe alikuwa amemdanganya, lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyekuwa tayari kufungwa maisha kwa kosa ambalo hata hakulijua vizuri.

Kwenye korido Koplo Munyao, mlinzi wa seli, alikuwa akiguna peke yake.

"Huyu mtu wako ataniharibia seli, afande. Chakula ikiingia anaigawa sawa kwa wote saba, hata yule mwizi wa mabati. Halafu yeye anakula wa mwisho. Sasa wameanza kumwita Chairman."

"Chakula chake huletwa na nani?"

"Katibu wa hicho kikundi chao. Kila siku saa saba, hakosi. Anaonja mbele yangu kama sheria inavyosema, tunapokea."

* * *

Kesi yenyewe ilionekana rahisi tangu siku ya kwanza, na labda hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mwalimu Kinuthia alifundisha historia miaka thelathini na mitano, akastaafu, akakataa kupumzika. Pale Gitothua, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, alianzisha kikundi cha kusoma Umaksi: mafundi, madereva, wauza mitumba na mhudumu mmoja wa hoteli, jumla watu kumi na mmoja bila kumhesabu yeye. Kila Jumamosi walikaa kwenye viti vya plastiki kubishana ni nani anayepaswa kumiliki kiwanda. Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, jirani alimkuta nyumbani kwake amekufa kwenye kiti. Ndani ya meza yake polisi walikuta barua yenye mwandiko wa Eddie: Nimemsaliti Mwalimu. Nastahili adhabu kali kuliko zote.

Barua hiyo ndiyo iliyompeleka Eddie seli. Mkubwa wa Firdaus alikuwa ameshaanza kuizungumzia kesi kama jambo la zamani.

Katibu wa kikundi, Gerishon Kagwe, alimpokea Firdaus kwenye ukumbi wa kikundi pale Gitothua kwa heshima zote. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa nyanya kule Ngoliba, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa rafu za mafaili. Kando ya meza palikuwa na hotpoti ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa cha maua.

"Ya Eddie," alisema alipoona anaiangalia. "Ametukosea sana, lakini ni wetu. Hatuwezi kumwacha alale njaa."

Jambo hilo lilimgusa Firdaus, na baadaye angelikumbuka kwa uchungu.

"Mzee, hii barua ya Eddie. Aliiandika lini?"

"Mwezi uliopita. Alikuwa amebishana na Mwalimu mbele ya watu, akamwita mzee wa kale. Ikabidi ajikosoe."

"Ikabidi?"

Gerishon alivuta faili moja, akalifungua mbele yake bila haraka. Ndani kulikuwa na barua nyingi, za mwandiko tofauti tofauti. Firdaus alisoma ya dereva mmoja: Nimewasaliti wafanyakazi kwa kusinzia mkutanoni. Nastahili adhabu kali kuliko zote. Akasoma ya mhudumu wa hoteli: Nimekisaliti kikundi kwa kuchelewa dakika ishirini. Nastahili adhabu kali kuliko zote. Akageuza ya tatu, ya nne, ya kumi. Zote ziliishia hapo, kama vile barua za shule zinavyoishia na wako mtiifu.

Firdaus alilifunga faili. Mtu amelala sakafuni siku tano kwa sababu ya sentensi ambayo hawa watu waliandika hata kwa kusinzia.

"Ulijua barua hii si kitu," alisema. "Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza, madam. Halafu yeye mwenyewe amekiri."

"Ijumaa usiku ulikuwa wapi?"

"Shamba, Ngoliba. Mke wangu atakuambia."

"Auma anayeuza mboga hapo chini anasema Mwalimu alinunua sukuma kwake Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Akamwambia kesho yake atasoma barua mkutanoni, na kuna mtu atakasirika. Barua hiyo iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza Gerishon aligusa kalamu zake, moja baada ya nyingine.

"Mwalimu alipenda sana hadithi moja ya Warusi. Kila mwaka alitufundisha. Kiongozi wao wa kwanza, mwanzoni kabisa mwa ile serikali, alipougua aliandika barua akiwa kitandani. Alisema katibu amejikusanyia nguvu nyingi mno, atolewe. Alipokufa, wakubwa wakaisoma faraghani, wakaikunja, wakaifungia. Katibu akabaki. Wale waliombishia wakaisha mmoja mmoja, na wengine walikiri makosa ambayo hawakufanya, kwa kupenda chama." Alitabasamu kidogo. "Nafikiri mzee alikuwa ameanza kuchanganya hiyo hadithi na maisha yetu. Barua sijaiona."

"Nipe kumbukumbu za mkutano wa Jumamosi."

Zilikuwa tayari, kurasa zilizochapwa vizuri, wa mwisho ukiwa na sahihi za wanachama wote kumi na mmoja, Eddie akiwa wa saba. Ajenda ya kwanza: kikao kilisimama dakika moja kumkumbuka marehemu Mwalimu. Ajenda ya pili: katibu kushika pia uenyekiti, kura zote zikiunga mkono. Firdaus alihesabu kurasa. Moja, mbili, nne.

"Ya tatu iko wapi?"

"Watu wa saiba walionichapia. Hukosea."

Aligeuza karatasi ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa na muhuri wa bluu wa saiba moja ya Thika, nyuma ya soko.

"Mkutano ulianza saa ngapi?"

"Saa nne."

"Sahihi zikawekwa?"

"Saa sita, tukatawanyika." Gerishon alikuwa ameshainuka, hotpoti mkononi. "Utaniwia radhi, madam. Nataka kupeleka hii ikiwa moto."

"Asante, mzee," Firdaus alisema, na alimaanisha.

Alikuwa ameshafika kwenye gari ndipo alipotulia na kuhesabu. Mkutano ulianza saa nne hapa Gitothua na sahihi zikawekwa saa sita. Karatasi zilichapwa Thika. Kwa saa mbili mtu angewezaje kuendesha kikao, kuandika yaliyosemwa, kwenda Thika, kuchapisha na kurudi, huku watu kumi wakimngoja wamekaa tu?

Alizungusha gari, akashika njia ya Thika.

* * *

Mwenye saiba aliitwa Kui, mwanamke mwenye kucha ndefu zilizogonga kibodi kama mvua juu ya bati. Hakuinua macho.

"Sasa madam, ni kuprint ama kuscan?"

Firdaus aliweka kitambulisho cha kazi mezani, halafu zile karatasi. Kucha zilisimama.

"Haiya! Hizi ni za mzee wa nyanya. Amefanya nini?"

"Hizi zilikuwa na ukurasa wa tatu?"

"Zilikuwa kurasa nne, mimi mwenyewe nilizichapa. Ngoja." Alibonyeza hapa na pale. "Huwa ananiambia nifute kila kitu nikimaliza. Mimi nasema sawa. Lakini wiki ikiisha anarudi ati anataka kopi ingine, sasa nianze kuandika tena zote? Siezi. Huwa sifuti."

Alimgeuzia skrini. Firdaus aliinama akasoma ukurasa wa tatu.

Ajenda ya nne: Usalama wa kikundi. Katibu alieleza kwamba polisi wataufunga ukumbi na kuwakamata wanachama wote iwapo hakuna atakayebeba lawama ya kifo cha Mwalimu. Azimio: Komredi Eddie, ambaye alishajikosoa kwa barua, ataikubali lawama hiyo mbele ya polisi kwa maneno yafuatayo.

Na maneno yenyewe yalifuata. Mimi, kwa hiari yangu na kwa tamaa ya uongozi. Yote, mpaka ile kikundi hakikuhusika kwa namna yoyote.

Kura: kumi na mmoja waliunga mkono, hakuna aliyepinga. Komredi Eddie mwenyewe aliinua mkono.

Firdaus alivuta kiti, akakaa bila kuambiwa. Alimwona Eddie kwenye kile kiti cha plastiki, amezungukwa na watu aliowaita ndugu, akitazama mikono ikipanda mmoja mmoja, kisha akipandisha wa kwake. Hakuna aliyemshikia bunduki. Alipigiwa kura, na yeye akawa mmoja wa waliompigia.

"Kui. Mzee alileta hii Jumamosi saa ngapi?"

"Si Jumamosi. Jumamosi mimi hufungua saa nane, naenda kanisa kwanza."

"Ni lini basi?"

Kui alielekeza ukucha kwenye pembe ya skrini. "Si hii hapa? Ijumaa, saa tano na dakika arobaini asubuhi."

Nje mtu alikuwa akitangaza ndizi kwa kipaza sauti. Firdaus alisikia kila neno la tangazo hilo, bei na yote, huku kichwa chake kikikataa kusogea. Ijumaa saa tano asubuhi. Mwalimu alinunua sukuma kwa Auma Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akacheka, akadai ziongezwe majani mawili. Wakati huo tayari kulikuwa na karatasi Thika inayosema watu wamesimama dakika moja kumkumbuka.

"Hukuona ajabu?" aliuliza. "Mkutano wa kesho, na wewe unachapa yaliyotokea?"

"Madam, mimi huchapa, sisomi. Nikisoma nitamaliza saa ngapi? Halafu huyu ni kawaida yake. Miaka yote tisa huleta kabla. Siku moja nilimuuliza, akasema mkutano ni wa watu kuinua mikono tu, kazi ya kichwa inafanywa mapema." Kui alianza kuelewa, na mkono wake ulikuwa umepanda polepole mdomoni. "Ngai. Kuna mtu amekufa, ama?"

Miaka tisa ya kuandika mikutano kabla haijafanyika, na hakuna siku hata moja mkutano ulimkatalia. Mtu wa namna hiyo, Firdaus aliwaza, hawezi kukumbuka tena kwamba kuna mambo hayapaswi kuandikwa mapema. Mazoea yake yalikuwa yamemuumbua kuliko shahidi yeyote. Aliomba nakala tatu za ukurasa huo, na Kui aende naye kuandikisha maelezo.

Kisha, kwa sababu tu alikuwa amezoea kuuliza swali moja zaidi, aliuliza.

"Kuna zingine zake humo?"

"Za Jumamosi hii. Alileta jana, hajakuja kuzichukua."

"Fungua."

Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Ajenda ya kwanza: Kikao kilisimama dakika moja kumkumbuka Komredi Eddie, aliyefariki ghafla siku ya Alhamisi akiwa korokoroni, baada ya kuubeba mzigo wake kwa ushujaa.

Firdaus aliisoma mara mbili. Leo ilikuwa Alhamisi. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi na mbili. Mbele ya macho yake ilisimama hotpoti yenye kitambaa cha maua, na sauti yake mwenyewe ikisema asante, mzee.

Simu ya Munyao iliita, ikaita, ikaita.

"Afande."

"Chakula cha Eddie kimefika?"

"Kimefika. Katibu amekileta mwenyewe."

"Alionja?"

"Alionja, afande. Chapati nzima, karibu aimalize."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi, afande?"

"Munyao! Na mchuzi?"

"Mchuzi... hapana. Mchuzi hakuonja."

"Toa hicho chakula! Kimbia! Usikate simu!"

Alisikia viatu vikigonga sakafu, funguo zikikataa tundu, Munyao akitukana kwa Kikamba. Kisha mlango wa chuma, na sauti ikifoka: "Weka chini! Kila mtu weka chini! Toa mkono hapo!" Kitu cha bati kilianguka kikazunguka. Baada ya hapo ikawa kelele tupu, na Firdaus aligundua kwamba amesimama, na kwamba Kui amemshika mkono. Kilomita ishirini na kitu, na yeye hana cha kufanya ila kusikiliza. Aliogopa jinsi alivyokuwa hajaogopa tangu aanze kazi hii.

"Afande." Munyao alikuwa akihema. "Hakuna amekula."

"Una hakika?"

"Wako saba. Eddie alikuwa ameshagawa, sawa sawa kama kawaida yake. Lakini mmoja alikuwa choo, kwa hivyo akawaambia wote wangoje mpaka arudi. Yule wa mabati alikuwa ameshachovya chapati, Eddie akamchapa mkono."

Firdaus aliketi. Machozi yalimtoka na hakujali Kui anaona.

"Katibu yuko wapi?"

"Hapa nje kwa benchi. Anasema anangoja hotpoti yake."

"Mtie pingu. Na hiyo hotpoti asiiguse mtu bila glavu."

"Sawa, afande. Lakini huyu Eddie anauliza kuna nini kwa chakula. Nimwambie?"

"Mwambie ukweli. Mwambie kifo cha Mwalimu kiliandikwa Ijumaa asubuhi, Mwalimu akiwa hai, na jina lake Eddie likaandikwa siku hiyo hiyo. Mwambie nimekuta kumbukumbu za Jumamosi ijayo. Dakika moja ya ukimya ni yake."

Alimsikia Munyao akisema hayo kwa upole ambao hakujua anao.

"Afande?"

"Niko."

"Hajakasirika wala nini. Ameketi tu hapo chini. Anauliza swali moja."

"Gani?"

"Anauliza kama walipiga kura."

Firdaus aliinua macho kwenye skrini. Chini ya ajenda ya kwanza kulikuwa na azimio kwamba jina la Komredi Eddie lisitajwe tena katika vikao, na chini ya azimio hilo, mstari mmoja wa mwisho. Kura: kumi waliunga mkono, hakuna aliyepinga.